Tundu la Kumi na Moja

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako kwanza. Msisome mmelala chali kama mnasoma tangazo la sabuni. Na msiniulize nilizaliwa wapi, baba yangu alikuwa nani, tulikuja mjini kwa sababu gani. Hayo wazazi wenu nimeshawaambia mpaka wamechoka. Leo nasema mwaka mmoja tu, mwaka ule tuliokula unga wa yanga, na nausema kwa sababu Veronika amekufa. Tumemzika Jumanne. Pale msibani Mwananyamala, chini ya turubai, kijana mmoja alikuwa akipitisha picha iliyokuzwa: wasichana wawili wamevaa magwanda ya mgambo yaliyowazidi, mikanda imewabana viuno, kila mmoja kashika bastola, mdomo umeelekea chini. Vijana wakacheka. "Bibi, kumbe mlikuwa majambazi!" Mwingine akauliza, "Sasa hapa nani alikuwa mkali kuliko mwenzake?" Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja wa jumuiya ya kanisani kwao akanijibia: "Huyu Bi Zena ndiye aliyeshinda. Marehemu mwenyewe alikuwa akitusimulia kila siku." Mie nikainama nikajifanya natafuta ndala zangu. Mtu mzima, nywele nyeupe, natafuta ndala zilizo miguuni.

Tulikuwa tukikaa Temeke, nyumba ya Bi Shari. Vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, katikati ukumbi mrefu wa saruji nyekundu tuliokuwa tukiupiga deki kwa zamu, na ole wake aliyeruka zamu yake, maana Bi Shari alikuwa akiweka ufagio na ndoo mlangoni kwako na kukaa hapo hapo na kiti chake mpaka utoke. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kushoto, cha Veronika cha mwisho kulia, milango inatazamana, pazia kwa pazia. Mie nilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na kigoda. Yeye alikuwa na kitanda cha kamba, msalaba ukutani, na kinyago kidogo cha mpingo alichochonga baba yake, mwanamke amebeba mtungi, ambacho alikuwa akikigeuzia ukutani akiwa amekasirika, kama vile hataki kionekane uso wake. Dirisha langu lilifungukia uani, juu ya jiko la Bi Shari kabisa. Nguo zangu zote zilinuka moshi na nazi. Sikuwa na redio, lakini sikuihitaji. Yote yaliyosemwa uani niliyasikia nikiwa nimelala, na mengi sikutakiwa kuyasikia. Siku hizi wajukuu zangu wana vyumba vyenye vioo na feni, wanafunga mlango, na hawajui jirani anaumwa wala anaolewa. Sisemi ilikuwa raha. Nasema tulikuwa tunajuana mpaka mtu akikohoa unajua leo kalala na njaa.

Mie na Veronika tulikuwa vibarua kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kukunja na kufunga majora. Kibarua hakuwa na kadi ya kazi. Mkielewa hilo mmeelewa habari yote. Mwaka ule mtu asiye na kadi alikuwa akitembea mjini shingo upande. Ungeweza kuwa umetoka kununua dagaa, ukasimamishwa, ukaulizwa kazi yako nini, na huna cha kuonyesha. Basi unapakiwa kwenye lori, unapelekwa kijijini ukalime. Kulima ni kazi ya heshima, sikatai, viongozi walisema na mie niliwapigia makofi. Lakini mie sikuwa na kijiji. Kwetu Kilwa nilikokulia tuliishi kwa kushona kofia na kukaanga samaki, jembe nililiona kwa watu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, talaka yangu nimeikunja kwenye sanduku, na nafsi yangu ilikuwa imeshaapa kwamba nyumba ya mtu mwingine sirudi tena kwa kusukumwa.

Siku hiyo mkuu wa walinzi wa kiwanda alikuja kwenye banda la chakula, akasimama juu ya benchi na viatu vyake. Alisema mlango wa wanawake unahitaji mlinzi wa kike, mmoja, wa kudumu, wa kupekua kina mama wanaotoka zamu ili majora yasitoke yamefungwa matumboni kama mimba. Kicheko kikapita banda zima, maana mimba za namna hiyo tulizijua. Akasema mlinzi lazima ajue bastola. Mwisho wa mwaka kungekuwa na mashindano ya shabaha ya mgambo wa viwanda, na safari hii wanawake wangeruhusiwa. "Yeyote kati yenu atakayepata alama nyingi kuliko wenzake," akasema, "huyo namwandika kazi, na kadi nampa kwa mkono wangu." Tulijiandikisha wanawake saba. Tulipopelekwa kwenye machimbo ya mchanga nyuma ya Mbagala na bastola ikapigwa mara moja tu, mlio mmoja, watano walirudi kupanda gari. Mmoja aliacha kiatu. Tukabaki wawili, mie na Veronika, tunatazamana kama kuku waliofungwa miguu pamoja.

Mwalimu wetu aliitwa Koplo Lameck. Mwembamba, mpole, ana sauti ya mtu anayefundisha watoto alifu. Nilitarajia kupigiwa kelele. Yeye alituambia tukae mchangani tukunje miguu. Kwa wiki tatu hakutupa risasi hata moja. Alitupa bastola tupu, akaweka kifuniko cha soda juu ya mtutu, akasema, "Fyatua. Kifuniko kisianguke." Kikaanguka. Akakiokota, akakipuliza mchanga, akakirudisha. Kikaanguka. Nafikiri alikiokota mara elfu. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikawa naiota: taja kabla hujaangalia. Yaani ukishapiga, hata kabla ya kushusha mkono, useme risasi imekwenda wapi, juu, chini, kulia, kushoto, kwa vile mkono wako ulivyokuwa pale mlio ulipotoka. Halafu ndiyo uende kwenye karatasi ukaone. "Jicho linaangalia tu," alisema, "mkono ndio unajua. Mtu asiyejua amepiga wapi, hata akipiga katikati, hajapiga yeye." Veronika alikuwa mbaya sana kwenye kutaja. Alikuwa akisema "katikati!" kila mara, kwa matumaini. Mie nilikuwa hodari. Nilitaja vibaya mara chache sana. Kumbukeni hilo.

Bastola ni nzito kwa mkono ulionyooshwa. Mnaona kwenye filamu wanaizungusha kidoleni, uongo mtupu. Shika kwa mkono mmoja, unyooshe, hesabu mpaka sitini, utaniambia. Kwa hiyo jioni, baada ya zamu, nilikuwa nikisimama uani na pasi ya mkaa ya Bi Shari, nimeinyoosha mbele, nalenga tundu la ukuta wa choo. Mkono unatetemeka, jasho linaingia machoni. Nyumba nzima ikitoka kuangalia. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alikuwa akiacha kazi yake: "Zena, hiyo pasi unamlenga nani? Niambie mapema nihame." Veronika alikuwa akisubiri zamu yake ya pasi, anakula muhogo wa kuchoma. "Msimcheke," akasema, "mwenzenu anapiga pasi hewa. Hewa ya Temeke ina mikunjo sana." Akiishika yeye, ilikuwa imetulia kama imetundikwa msumarini. Mkono ule ulikuwa umelima, umetwanga, umebeba kuni. Niliona, nikaomba pasi tena.

Risasi za kweli zilipoanza, ndipo matatizo yangu yalipoanza. Kila nilipopiga, tundu lilikwenda chini kushoto. Risasi kumi, matundu kumi, yote chini kushoto, kama nzi waliotua kwenye kidonda kimoja. Veronika alikuwa akitawanya, moja huku moja kule, lakini moja moja iliingia ndani. Yangu hata moja. Koplo Lameck alinizunguka siku mbili, ananitazama miguu, bega, kiwiko. Siku ya tatu akaja karibu na sikio langu.

"Zena, unasema nini kabla ya kufyatua?"

"Namtaja Mungu, afande. Nasema bismillahi."

"Kila risasi?"

"Kila risasi."

"Na ukimaliza kusema, unafyatua?"

"Ndiyo, afande."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndipo palipo ugonjwa. Bega lako limeshajifunza. Likisikia mwisho wa hilo neno linajua mlio unakuja, linajikunja kabla. Bastola inatakiwa ikushtue wewe mwenyewe. Ukiisubiri, umeshaharibu. Hilo neno liache."

Nilimrudishia bastola yake, nikasimama pembeni mpaka gari likaja. Nilikuwa nimekasirika vibaya mno. Niliposhuka Temeke nilimwambia Veronika, "Koplo wenu anataka nimwache Mungu nishike bastola mikono mitupu."

"Koplo wetu?" akasema. "Kwani mie ndiye niliyemzaa?"

"Mkristo mwenzio."

"Na wewe Muislamu mwenzio ni yule aliyetoroka akaacha kiatu. Kamfuate basi."

Wiki mbili sikumwamkia koplo. Nilikuwa nafika, nachukua risasi zangu, napiga kwa bismillahi yangu, zinakwenda chini kushoto, natoka. Nilijua anasema kweli. Hilo ndilo lililonikera. Nilikuwa nataja "chini kushoto" kabla ya kuangalia, na kila mara nilikuwa sahihi. Lakini toka nikiwa mdogo sikuwahi kupuliza moto, kuvuka mlango, wala kuingiza uzi kwenye sindano bila neno lile, na sasa jambo la kutisha kuliko yote niliyowahi kushika ndilo nilifanye kimya? Nilikuwa nikilala natazama dari la makuti na kujiambia bora lori linichukue na dini yangu.

Ijumaa moja Bi Shari alipata mchele. Sijui alipata wapi, na mwaka ule hukuuliza. Tulikuwa tumekula ugali wa yanga mpaka ulimi umesahau ladha nyingine, ule unga wa njano wenye harufu ya gunia, na leo ghafla uani kunanukia wali wa nazi. Nilitoka chumbani kabla sijaitwa. Alipakua sinia moja, samaki wa kupaka juu yake, tukakaa kwenye jamvi mie, yeye na Veronika. Fundi cherehani alipelekewa sahani yake ukumbini maana Bi Shari hakuwa akila na wanaume wasio wake. Tukanawa. Tukaanza. Wali ule, jamani. Mpaka leo nikila wali nauhukumu kwa ule, na wote unashindwa. Nilikuwa kwenye tonge la kumi au la kumi na tano, sijui, Bi Shari akaniambia bila kuinua uso, "Zena, umesema bismillahi?"

"Nimesema, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Nilipoanza."

"Na matonge umekula mangapi?"

Nikaacha kutafuna.

"Basi," akasema. "Kila tonge ungelitajia peke yake, wali ungepoa na huyu Mmakonde angekuwa ameshamaliza samaki. Jambo ni moja, linafunguliwa mara moja. Ufungue, uingie, ufanye kazi yako. Au unadhani Mola ni kiziwi mpaka umgongee kila hatua?"

Nilimgeukia Veronika. Alikuwa ameshughulika na mwiba wa samaki kama daktari. "Wewe ndiye uliyemwambia," nikasema.

"Mie? Mie nina mwiba hapa."

Nataka mfikirie jambo hilo kama ninavyolifikiria mie sasa. Kazi ilikuwa moja. Kadi moja. Tulikuwa wawili. Risasi zangu zilikuwa zikienda chini kushoto na angeniacha hivyo hivyo mpaka siku ya mashindano, angeshinda bila jasho. Badala yake alikwenda kumsengenya kwa mwenye nyumba mtu aliyekuwa akishindana naye, ili asaidiwe.

Jumatatu nilisema bismillahi nikiwa bado nimekaa mchangani, bastola ipo mapajani. Kisha nikasimama, nikafunga mdomo, nikanyoosha mkono, nikatazama kile kinundu cha kulengea kilicho mbele ya mtutu mpaka sikuona kingine, nikabana taratibu kama mtu anayekamua ndimu ya mwisho. Ikalia. Nilishtuka hadi nikarudi nyuma hatua. Koplo Lameck akasema, "Taja." Nikasema, "Ndani. Juu kidogo ya katikati." Tukaenda kuangalia pamoja. Ilikuwa ndani, juu kidogo ya katikati. Koplo alichukua kifuniko cha soda mfukoni akanipa, nikae nacho. Nikasema, "Shikamoo, afande." Hatukuwa tukiamkiana hivyo mgambo, na alinizidi miaka michache tu, lakini lilinitoka. Akaitika, "Marahaba, Zena," akacheka.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoiona nikifumba macho. Siyo siku ya mashindano. Ni zile jioni za kurudi kutoka machimbo, tumekosa gari, tunatembea barabara ya Kilwa na muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi, miguu ina vumbi mpaka magotini, masikio yanavuma. Tulikuwa tunataja kila kitu. Veronika akirusha ganda kwenye mfereji anasema "kushoto" kabla halijaanguka. Mie nikimwona mwanamume mbele yetu namtaja: "Huyu mwalimu." Yeye: "Huyu hana kazi, tazama viatu vyake vilivyo safi." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hatukuwahi kuzungumza nani atapata kadi. Walizungumza wengine. Mchana mmoja nimejilaza, nikamsikia fundi cherehani uani akimuuliza Bi Shari, "Sasa mama, hawa wasichana wako itakuwaje?" Bi Shari alikuwa akikuna nazi, mbuzi ikaacha kulia. "Itakuwaje nini? Mmoja atalala hapa, mmoja atapanda basi. Na mie nitapiga deki ukumbi mwenyewe na moyo wangu." Halafu mbuzi ikaanza tena.

Siku yenyewe ilikuja na jua kali. Pale machimbo walikuja mgambo wa viwanda vingi, wanaume watupu, wanatuangalia kama ngoma iliyokodishwa. "Dada, msijipige vidole!" "Shika kama mwiko, shika kama mwiko!" Veronika aliwajibu, "Mwiko nikiushika huli wewe." Kila mpigaji alikuwa na karatasi yake, na karatasi zilipangwa karibu karibu kwenye ukuta wa mchanga, zimepachikwa kwenye fito. Yangu ya nne, ya Veronika ya tano. Risasi kumi kila mtu. Nilisema neno langu nikiwa nimekaa, kama ilivyo. Lakini tulipoambiwa tunyooshe mikono, na watu wote wale nyuma wamenyamaza ghafla, ulimi wenyewe ukasema tena. Bismillahi, na kwenye herufi ya mwisho nikafyatua. Chini kushoto. Sikuhitaji kuangalia. Niliijua mkononi kama unavyojua umekanyaga mwiba. Nikashusha mkono, nikapumua, nikauma ulimi kwa meno, na tisa zilizobaki nilizipiga kimya. Zote ndani. Tisa, nawaambia, zote ndani.

Karatasi zikaletwa mezani. Msimamizi alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani, akazihesabu kwa ncha ya penseli. Alipofika yangu akarudia. Akarudia tena. "Huyu ana matundu kumi na moja," akasema. "Na huyu wa tano ana tisa. Mmoja wenu kapiga kwa jirani." Watu wakaangua kicheko. Tuliitwa wote wawili mezani. Kwenye karatasi yangu matundu kumi yalikuwa ndani, na moja peke yake kule chini kushoto; yale tisa ya karatasi ya Veronika yote yalikuwa ndani. Msimamizi akaeleza kwa utaratibu, ili wote wasikie: tundu lililo la Veronika litahamishiwa kwake na kuhesabiwa alama zake. Nilipiga hesabu haraka kuliko nilivyowahi kupiga hesabu darasani kwenye kisomo cha watu wazima. Likihamishwa lile la chini, mie nimeshinda. Likihamishwa lolote la ndani, ameshinda yeye.

"Lipi lako?" msimamizi akamuuliza Veronika.

Veronika aliitazama karatasi. Kisha akaweka kidole pale chini kushoto. "Hili, mzee. Niliona kabisa mkono umeniyumba."

Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuyumba mkono hata na pasi ya mkaa. Koplo Lameck alikuwa amesimama nyuma ya meza. Alinitazama mie, si yeye. Akauliza taratibu, kwa sauti ile ile ya alifu, "Zena, risasi yako ya kwanza ulitaja wapi?"

Na mie nikasema, "Sikumbuki, afande."

Neno moja na cheo chake. Ndilo hilo. Koplo akatikisa kichwa, akasema, "Haya," na msimamizi akaandika. Tukapigwa picha, ile mliyoiona msibani, na ukitazama vizuri utaona mie ndiye niliyeshinda na mie ndiye nisiyecheka. Koplo alinifundisha mwaka mwingine mzima baada ya pale, bastola na bunduki, na hakuniambia tena, hata mara moja, "Taja."

Jioni ile nilimkuta Veronika uani anachambua mchicha. Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwambia, "Lile tundu lilikuwa langu."

"Najua. Chini kushoto ni anwani yako."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu wewe, Zena, hata jembe hujui linashikwa upande gani. Wangekupeleka kijijini ungelima vidole vyako, ungekufa njaa, ukatutia aibu wote. Mie nikirudi kwetu Masasi nina shamba, nina mama, nina korosho. Kata kitunguu."

"Twende tukaseme."

"Ukisema, mie nimekuwa mwongo mbele ya kiwanda kizima. Kata kitunguu, nimekwambia."

Nikakata kitunguu. Kilikuja na sababu yake ya machozi, hakuna aliyeuliza. Nilipewa kadi yangu, ya kijani, ina picha na muhuri. Nilipekua kina mama mlango ule miaka kumi na tisa, nikajenga, nikaolewa tena na mtu mwema, nikawazaa wazazi wenu. Kibarua cha Veronika kiliisha mwanzo wa mwaka uliofuata. Hakungoja lori. Alifunga kitanda chake mwenyewe, akakiacha kinyago kwa Bi Shari, akapanda basi la kusini na kuku wawili. Bi Shari alipiga deki ukumbi wote siku ile, zamu ikiwa yangu.

Alirudi mjini baadaye sana, ameshazeeka nusu, ana watoto, akapanga Mwananyamala. Tulikuwa tukitembeleana miaka yote hii. Alikuwa akinikaribisha mlangoni, "Karibu mlinzi, nipekue kwanza!" na kuinua mikono. Hatukulizungumza lile jambo. Mie nilidhani kunyamaza ni kulizika. Nilipomsikia yule mama wa jumuiya akisema marehemu alikuwa akiwasimulia ushindi wangu kila siku, ndipo nilipojua kwamba mwenzangu alikuwa akilibeba peke yake, tena kwa kulisifia. Basi nasema hapa, kwa mkono wangu: mashindano yale alishinda Veronika. Mie niliulizwa, na nilikuwa nakumbuka.

Lakini kusema peke yake hakulishi mtu. Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimekaa karibu na wanaopika, na nikasikia wakubwa wa ukoo wakizungumza habari za Anjela, mjukuu wa Veronika, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuja kutoka Masasi kusomea uuguzi na alikuwa akiishi na bibi yake. Chumba kinarudishwa kwa mwenye nyumba. "Huyu naye arudi tu kwao," mmoja akasema. "Hapa mjini atakaa na nani?" Binti mwenyewe alikuwa anaosha masufuria hatua tatu kutoka pale, na mgongo wake ulikuwa umesikia. Niliinuka. Nikawaambia atakaa na mie, nikamwambia binti akafungashe, na hawakubishana, maana nikisimama bado nina sura ya mlango wa kiwanda.

Nilipofika nyumbani naye niliwaita wote sebuleni, watoto, wakwe na wajukuu, na televisheni ikazimwa. Nikawaambia: Huyu ni Anjela. Chumba cha mbele ni chake, toeni vitu vyenu humo kabla ya magharibi. Atakula tunachokula na zamu ya deki atapewa kama wengine. Na katika nyumba hii, kuanzia sasa hivi, asije mtu yeyote akamuuliza anaondoka lini.